Chokaa Bila Chumvi

"Egwang, ule ukuta ulioniandikia uko wapi?"

Amoding aliuliza hivyo hata kabla hajaketi. Alisimama katikati ya sebule ya mama yangu, huku kwetu Malaba, na gauni lake la kanisani, akizungusha macho kuta zote nne. Zote zilikuwa nyeupe pe. Mimi ndiye niliyezipaka chokaa jana yake, mchana kutwa.

"Ukuta gani tena?" nikajifanya sielewi.

"Wenye rangi nne. Si uliniandikia mwenyewe?"

Akafungua mkoba akatoa barua. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka mikunjo imeanza kukatika. Akaisoma mbele ya mjomba wake, Mzee Emojong, aliyekuja kumsindikiza:

"'Nyumba ya mama ina rangi nne ukutani: nyekundu ya udongo wa mtoni, nyeusi ya masizi, nyeupe, na ya jivu. Nilipokuwa mdogo nikiugua, nilihesabu pembetatu zilizochorwa kwa rangi hizo mpaka usingizi ukanichukua. Natamani siku moja uzione.'"

Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini niliiandika mwaka wa sitini na nne, kabla sijapata ukarani wa mizigo pale stesheni. Sasa ilikuwa sitini na sita, nafunga tai, na nyumba iliyonilea nimeanza kuionea haya. Tena karani mwenzangu, Lazarus, alikuwa amenitia maneno.

"Utampokea Mzee Emojong kwenye nyumba ya vibuyu?" aliniambia. "Yule amekaa Nairobi miaka kumi. Atasema mtoto wake anarudishwa porini."

Hayo yakanitosha. Nikanunua chokaa Tororo, nikamwambia mama aende kumsalimu dada yake, nikapaka. Kigoda cha babu, vibuyu vya shanga, chungu kikubwa cha pombe na mirija yake mirefu, vyote nikavisukuma kwenye banda la mbuzi. Nikaazima mabenchi ya kanisa nikayapanga ukutani. Mama aliporudi jioni alisimama mlangoni.

"Na mbuzi watalala wapi?" ndilo neno pekee alilosema.

Basi nirudi kwa wageni. Siku hiyo ndiyo nilikuwa napewa jibu, naoa ama sioi, na jibu lilikuwa mkononi mwa yule mzee wa koti jeusi.

"Kijana, swali umelisikia," akasema Mzee Emojong, akajiegemeza ukutani vizuri.

Ningesema ukweli hapo, yangeisha. Lakini ulimi ulinitangulia.

"Ni mama aliyetaka chokaa. Alisema amechoka na mambo ya zamani. Mimi nilimkataza sana."

Nikageuka, nikamwona mama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia yote.

"Ni kweli, Mama?" Amoding akamuuliza.

Mama aliniangalia mara moja tu.

"Ni mimi, mwanangu. Macho yamezeeka. Nilitaka nyumba iwe na mwanga."

Jamani, iko aibu ya kushikwa. Hii yangu ilikuja kabla sijashikwa. Mama yangu, mtu wa kanisa, alikuwa anawadanganya wageni ndani ya nyumba yake ili mimi nipate mke. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi vikang'aa, na nilivichukia.

"Haya, tuombee chai," Mzee Emojong akasema, akasimama.

Amoding akaziba mdomo kwa mkono.

"Nini?" mzee akauliza.

"Mjomba, koti lako."

Akalivua. Mgongo mzima ulikuwa mweupe. Na ukutani, pale alipoegemea, palikuwa na umbo la mgongo wa mtu, na ndani yake pembetatu nyekundu na nyeusi zikitutazama sote.

Mama akaweka sinia chini, akachukua koti, akaanza kulipangusa kwa kanga yake. Amoding akaenda ukutani. Akapitisha kidole, akakitazama.

"Mama," akauliza kwa upole, "chokaa hii ulichanganya na nini?"

"Mimi? Mimi ningetia chumvi. Chokaa bila chumvi haishiki, hata mtoto—"

Mkono wake ukasimama juu ya koti.

"Ungetia," Amoding akarudia polepole. Kisha akanigeukia. "Nani alipaka ukuta huu?"

"Mimi."

"Nani amechoka na mambo ya zamani?"

"Ni mimi."

"Basi mama yako umemsingizia kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya ukuta?"

"Ya ukuta, ya vibuyu, ya kila kitu. Nilidhani mjomba wako atatudharau."

Mzee Emojong alipokea koti lake, akamshukuru mama, akalivaa.

"Nairobi nilikuwa mpishi wa wazungu," akaniambia. "Walikuwa wametundika vibuyu vyetu sebuleni, na vigoda, na ngoma, wageni wao waje wavisifu. Mimi ndiye niliyevipangusa vumbi kila asubuhi. Kwangu leo nakalia kigoda cha baba yangu. Koti hili nimelivaa kwa heshima ya mama yako, si yako."

Walikunywa chai ya mama mpaka ikaisha, maana yeye hakuwakosea. Mimi hakuna aliyenisemesha. Wakati wa kutoka, Amoding akaiweka ile barua juu ya benchi.

"Nakuachia hii. Aliyeiandika akirudi, mwambie aniletee."

Walipokwisha kuondoka nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nisamehe. Nimekuuza mbele ya watu."

"Nilikuficha," akasema. "Nilikuficha vizuri kabisa. Lakini ile chumvi ilinishinda." Kisha akatoka, akarudi amekumbatia kigoda cha babu kinachonuka mbuzi, akakipangusa. "Kesho ukitoka kazini, nenda mtoni ukachimbe udongo mwekundu."

Nikaenda. Nilipita mbele ya stesheni na karai la udongo kichwani, tai shingoni, watu wanacheka.

"Karani siku hizi anapaka nyumba na wanawake?" Lazarus akaita.

"Ndiyo. Mama ndiye fundi. Mimi ndiyo kwanza najifunza."

Tulipoondoa chokaa, rangi nyingi za chini zilitoka nayo. Kazi ya mama ya miaka mingi ilibaki matope sakafuni, na mimi ndiye niliyekuwa nayafagia. Tulianza upya, kinyesi cha ng'ombe kwanza, kisha udongo, kisha rangi. Majuma matatu mama hakunisifu hata mara moja.

Mwishowe nikapanda baiskeli mpaka Amukura, Amoding alikokuwa anafundisha, nikampa barua yake. Chini nilikuwa nimeongeza mstari mmoja: "Chokaa nilipaka mimi. Mama hakusema lile neno. Nilimsingizia."

Aliusoma mara mbili, akaikunja barua akaitia mkobani. Jumapili akaja peke yake. Akasimama palepale katikati ya sebule, akaangalia kuta, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya dirisha.

"Huu mstari ni wako."

"Umejuaje?"

"Umepinda."

"Nitaunyoosha."

"Uache hivyo hivyo. Nataka niuone kila ukianza kunidanganya."

Nyuma yetu mama alicheka, mara ya kwanza tangu ile siku. Akatupakulia, akaniwekea sahani mbele yangu, akaniuliza huku akimtazama Amoding:

"Chumvi iko?"

"Iko, Mama."

Tulifunga ndoa Desemba ile. Mpaka leo Amoding hajanipakulia chakula bila kuniuliza swali hilo. Namjibu iko, na uso wangu bado unawaka.