Kisu Kilichokunjuka Mnadani

Vitunguu vya Mang'ola vikishang'olewa na kukauka, kazi inayobaki ni ya kisu. Unashika kitunguu, unakata majani, unakata mizizi, unatupa kwenye lundo. Halafu kingine. Kutwa nzima ni hivyo. Wanawake hukaa kwa mistari juu ya magunia matupu. Vumbi linawapiga usoni, lakini midomo hailali.

Hyasinta, mama Inosenti, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kila msimu Patrisi, msimamizi wa shamba, alimchagua yeye kuwa kiongozi wa wakataji. Kiongozi ndiye hupanga nani akae wapi. Tena ndiye hukaa kivulini. Hyasinta alikipenda kile kivuli, jamani! Alikuwa akisema, "Mimi sijisifu. Litazameni lundo langu."

Kisha akaja Eunike.

Eunike alikuwa mjane kutoka Endamarariek. Alikuwa mpole, hana maneno mengi. Kikapuni alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini mweusi, alichoachiwa na marehemu mumewe. Alikikunjua taratibu kwa mikono miwili, akaanza kazi.

Hyasinta naye alikuwa na kisu cha kukunja. Lakini chake kilikuwa kigumu. Kila asubuhi alikivuta kwa meno ndipo kifunguke. Alikuwa amekizoea hivyo. Siku hiyo alipotazama lundo la Eunike saa sita mchana, alikichukia kisu chake.

"Lo! Huyu mama ana mkono," Patrisi alisema mbele ya watu wote.

Hyasinta aliinamia vitunguu vyake. Moyo ulimchoma kuliko macho.

Jioni mumewe, Raphaeli, alirudi kutoka kupakia magunia kwenye malori pale pale shambani. Alinawa, akakaa, akamega ugali.

"Umekiona kile kisu cha Eunike?" aliuliza. "Kinafunguka kama kimepakwa siagi. Na mwenyewe mstaarabu."

Hyasinta alilitua bakuli la mboga kwa kishindo. "Kama amekupendeza, nenda ukale kwake."

"Mama Inosenti, mimi nimesema kisu."

"Umesema na mwenyewe!"

Raphaeli alimaliza ugali wake bila mboga.

Asubuhi Hyasinta alikwenda nyuma ya jiko. Aliweka kisu chake juu ya jiwe. Alichukua msumari, akaupenyeza kati ya bapa na mpini, akaupiga kwa jiwe jingine. Ndani ya kisu cha kukunja kuna kipande cha chuma kinachoshika bapa na mpini pamoja. Huitwa ribiti. Ribiti ile ililegea, mpini ukatanuka. Alipokitikisa kisu mara moja, bapa lilitoka lenyewe. Tak!

"Haya," alisema. "Sasa tutaonana."

Wakaonana kweli. Shambani bapa lilicheza huku na huku. Kitunguu kilikatwa upande. Kabla ya mchana kisu kilijikunja juu ya kidole chake, damu ikatoka. Alikifunga kidole kwa kipande cha khanga. Wenzake walipouliza, alisema amechomwa na mwiba. Lundo la Eunike lilizidi kupanda, na Hyasinta akazidi kuungua rohoni.

Wakati wa kuondoka alimwona Eunike akijitenga kidogo. Eunike alitoa kichupa, akadondosha tone moja kwenye kisu, akakifuta kwa kitambaa.

"Mmeona?" Hyasinta aliwanong'oneza wenzake. "Anakipaka kitu. Ni nini kile, kama si dawa? Ndiyo maana anatushinda!"

Neno halina miguu, lakini hutembea. Kabla ya siku ya mnada, shamba zima lilikuwa likisema kwamba mjane wa Endamarariek ana dawa ya kisu. Wengine walianza kusogeza magunia yao mbali naye.

Siku ya mnada Hyasinta alitoka shambani moja kwa moja. Kisu alikuwa nacho, amekifutika kiunoni kwenye pindo la khanga. Alipita kwenye mbuzi, akapita kwenye mahindi. Hapo akasimama. Raphaeli alikuwa amebeba gunia begani. Mbele yake alitembea Eunike, akimwonyesha njia.

Hyasinta aliona giza.

"Baba Inosenti! Umekuwa punda wa wajane siku hizi?"

Watu waligeuka. Eunike ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Mama Inosenti, afadhali tumekutana. Nasikia unasema napaka dawa kwenye kisu. Ni kweli umesema?"

"Ndiyo! Nimesema! Na nitasema tena!"

Hyasinta alivuta khanga yake ijikaze kiunoni. Kisu kilichomoka. Alikidaka kisianguke, na mkono ule ule akaunyanyua kumwonyeshea Eunike kidole. Bapa lililolegea likatoka. Tak! Liling'aa mbele ya uso wa Eunike.

"Uwiii! Kisu! Anamuua mwenzake!"

Mbuzi walikimbia na watu walikimbia. Raphaeli alilitupa gunia chini. Mgambo wawili walifika mbio. Nyuma yao alikuja Koplo Senteu, askari wa kituo kidogo cha pale.

"Yeyo," alisema Senteu polepole, kwa jinsi Wamaasai wamwitavyo mama, "kitupe chini."

Hyasinta alikitupa. "Sikukifungua mimi! Kimekunjuka chenyewe!"

"Wote husema hivyo," alijibu koplo. "Twende."

Kituoni palikuwa na benchi na meza. Kisu kilikuwa juu ya meza. Kilionekana kidogo tu.

"Kumtishia mtu kwa kisu ni kosa kubwa," alisema Senteu. "Nikifungua kesi, kesho utapanda gari kwenda mahakamani Karatu. Unaweza kufungwa. Lakini kwanza nimsikie aliyetishiwa."

Wote walimtazama Eunike. Raphaeli alishika kichwa. Hyasinta aliwafikiria watoto wake. Inosenti anajua kupika uji tu, je, wadogo zake watalelewa na nani? Alimtazama yule mwanamke aliyemsengenya shamba zima. Alijua moyoni: ingekuwa mimi, ningemmaliza leo.

"Afande," alisema Eunike, "kikunje hicho kisu. Halafu ukitikise tu."

Senteu alikikunja, akakitikisa. Tak! Akarudia. Tak!

"Ribiti imelegezwa," alisema Eunike. "Aliinua mkono kunisema, bapa likatoka. Kutukanwa, nimetukanwa, hilo ni kweli. Lakini kutishiwa kisu, hapana."

Hyasinta alijifunika uso kwa khanga, akalia.

Koplo alivuta pumzi. "Mama, una bahati ya kuwa na jirani mkweli. Sasa nisikilize. Kisu si kosa. Shambani kisu ni kama jembe. Kisu hicho hicho ukija nacho mnadani, kilabuni au mkutanoni, nitakuuliza: unakipeleka wapi? Kwa kazi gani? Mbona kiko kiunoni? Na ukikishika wakati wa ugomvi, hata kama hukumgusa mtu, kimekuwa silaha."

"Mbona vijana wa ng'ombe wana sime viunoni?" Hyasinta aliuliza kutoka ndani ya khanga. Wivu una roho ngumu, jamani.

Senteu alicheka. "Hao ni ndugu zangu kabisa. Sime ikae alani. Akiichomoa hapa mnadani, nitamkamata kama nilivyokukamata wewe. Na hiki chako ni kibaya zaidi. Kisu kinachofyatuka kwa mkono mmoja hupendwa na wahuni. Sisi askari tukikiona, hatufikirii vitunguu."

"Nifanyeje, afande?"

"Kazi yako ikiisha, kikunje, kifunge kwenye kitambaa, kiweke kikapuni pamoja na vitu vya kazi. Mnadani njoo bila kisu. Ukigombana na mtu, mikono iwe mitupu. Leo nakuonya tu. Kisu utakirudisha hapa kesho nikikague. Kikifyatuka tena, hukioni."

Nje ya kituo Raphaeli alisema, "Mimi sijui kukaza ribiti."

"Mimi najua," alisema Eunike.

Walikwenda kwake. Eunike alitoa maji ya moto na kipande cha sabuni, ambayo miaka ile ya uhaba ilipatikana kwa kupanga foleni tu. Alikiosha kisu. Kwa kijiti alitoa mchanga na utomvu wa vitunguu uliogandia ndani.

"Unaona huu uchafu?" alisema. "Ndio uliokifanya kigumu. Kisu chako kilikuwa kizima, mama Inosenti. Kilitaka kuoshwa tu. Ukikipanua kwa msumari unakiua."

Alikikausha vizuri. Alikilaza kikiwa kimefunguliwa juu ya jembe la zamani, kichwa cha ribiti kikae juu ya chuma. Aligonga kwa nyundo ndogo, polepole. Akageuza, akagonga upande wa pili. Kila baada ya kugonga alijaribu.

"Usigonge kwa hasira. Ukikaza mno hakitafunguka. Jaribu sasa. Bapa linacheza?"

"Halichezi."

"Kikunje. Kitikise."

Hyasinta alikitikisa. Bapa halikutoka. Alilivuta kwa kucha, huku mkono mwingine umeshika mpini. Lilifunguka sawasawa, bila meno.

Ndipo Eunike akaleta kile kichupa. "Dawa yangu hii hapa. Nusa."

Hyasinta alinusa. Yalikuwa mafuta ya cherehani.

"Tone moja kwenye ribiti, kila jioni. Basi," alisema Eunike.

Kumbe! Usione vyaelea, vimeundwa. Hyasinta alikifunga kichupa, akamrudishia.

"Eunike, nilikuonea wivu."

"Nilijua."

"Na mume wangu je?"

"Mume wako alinibebea gunia. Gunia, mama Inosenti."

Hyasinta alicheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake Koplo Senteu alikitikisa kisu mara kadhaa, bapa halikutoka, akamrudishia Hyasinta.

Msimu uliofuata Patrisi aliwakusanya wakataji. Alitaka Eunike awe kiongozi. Wanawake walianza kunong'ona. Mmoja alisimama akasema, "Mwenye dawa hatuongozi sisi." Wengine waliitikia.

Patrisi alimgeukia Hyasinta. "Basi arudi mama Inosenti?"

Kivuli kilikuwa pale pale, hatua chache tu kutoka aliposimama. Hyasinta alikitazama. Angekaa kimya tu, kingekuwa chake. Eunike alikuwa ameinama.

Hyasinta alitia mkono kikapuni.

"Dawa ipo," alisema. "Hata mimi ninayo. Hii hapa." Aliinua kichupa juu. "Ni mafuta ya cherehani. Nuseni! Habari ya uchawi niliitunga mimi, kwa wivu wangu. Huyu mama angeweza kunipeleka jela kwa neno moja. Hakulisema."

Kichupa kilipita mkono kwa mkono. Wanawake walinusa, wakatazamana, wakaanza kucheka. Yule wa kwanza aliuliza kama naye anaweza kupata tone moja.

Eunike akawa kiongozi. Alikwenda kukaa kivulini.

Wivu ulimkwaruza Hyasinta kidogo, kusema kweli. Alitandika gunia lake juani. Kisha alikikunjua kisu chake taratibu, kwa mikono miwili, akachukua kitunguu cha kwanza.