Kigoda cha Mlango wa Uani

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua viatu, akanawa mikono, akaketi kumenya viazi. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Lakini tangu bibi afariki, wiki tatu zilizopita, maneno yalikuwa yamemkauka. Hata kulia hakulia. Alimenya kiazi, akakitia majini, akachukua kingine.

"Picha za bibi vipi?" mama aliuliza. "Fremu iko tupu ukutani, na bibi mdogo anaondoka kesho. Nataka aende na nakala."

Bibi mdogo alikuwa dada wa marehemu, na tangu mazishi alikuwa akikaa nao.

Picha zilikuwepo arobaini. Chiriku alizipiga kwa kamera kubwa ya mjomba, mwezi mmoja kabla ya msiba. Zote zilionyesha dirisha linalong'aa, na mbele yake mtu mweusi tii asiye na uso.

"Kamera ya mjomba ni mbovu," alisema bila kuinua macho. Alijua si kweli. Kamera hiyo hiyo ilikuwa imempiga picha paka wa jirani mpaka masharubu yakahesabika.

"Basi ipeleke kwa fundi picha."

Studio ya fundi picha ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu na kitana cha wateja kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee. Kamera yake mwenyewe ilikuwa imechoka, kifuniko cha betri kimeshikwa kwa gundi ya karatasi. Aliichukua ya mjomba, akakipiga picha kile kitana karibu na mlango. Meno yote yalionekana.

"Kamera nzima. Mbovu yupo, ila sitamtaja," alisema. Kisha akazitazama zile arobaini. "Ulimkalisha wapi?"

"Dirishani, penye pazia jipya."

"Mwanga ukawa mgongoni kwake, uso ukabaki gizani." Alinyoosha kiganja, akakigeuza polepole. "Mimi kabla sijamkalisha mteja naangalia hapa. Mistari ikionekana vizuri, na uso utaonekana. Kamera iache mpaka kesho. Nenda na kiganja chako, uzunguke nacho nyumbani."

"Hizi huwezi kuzitengeneza?"

"Uso haukuingia, mwanangu. Siwezi kuutunga."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Hakuhisi kitu, kama vile anaelezwa msiba wa watu wengine.

Nyumbani alizunguka na kiganja chake, mama na bibi mdogo wakimtazama. Jikoni, giza. Sebuleni, nusu nusu. Alipofika mlango wa uani, mistari yote ilijitokeza, na mguu wake ukagonga kigoda.

Kilikuwa kigoda cha bibi. Kila alasiri bibi alikaa hapo akishona vifungo vya nguo za wateja, uso ameuelekeza nje. Siku ya picha, Chiriku ndiye aliyemwondoa hapo na kumpeleka dirishani pamoja na kazi yake.

"Huku sioni tundu la sindano, mjukuu wangu," bibi alisema siku ile.

"Tulia tu, bibi. Kamera hii inajua kila kitu."

Machozi ambayo wiki tatu yalikuwa yamegoma sasa yalimtoka. "Mama, kamera si mbovu. Nilikudanganya. Bibi aliniambia, mimi sikumsikia."

"Nilijua kuna jambo," mama alisema. "Tuko watatu, na wewe unamenya viazi vya watu kumi."

Bibi mdogo alikaa kwenye kigoda. "Nipige mimi basi. Watu walizoea kunichanganya na dada."

Kamera haikuwepo. Ilikuwepo simu ya mama yenye kioo kilichopasuka. Chiriku alitazama kiganja, akamsogeza kidogo bibi mdogo, akangoja mpaka alipoacha kujinyoosha. Alipiga picha moja tu.

Mama aliishika simu kwa muda mrefu. "Macho yale yale," alisema. "Kifaa kizuri si kibaya, mwanangu, lakini hakioni wala hakisikii kwa niaba yako. Hiyo ni kazi yako. Na ukikosea, sema umekosea, usikisingizie kifaa."

"Ndiyo, mama."

Bibi mdogo aliinuka, akakishika kigoda akiondoe mlangoni.

"Kiache hapo," Chiriku alisema.