Fundo Kwenye Pakiti ya Chumvi

Soipan alikuwa na fundo lake. Alifundishwa na mama yake, zamani akiwa msichana, na lilikuwa la kumfunga ndama wakati wa kukamua. Unazungusha kamba mara mbili, unapitisha ncha chini, unavuta. Ndama avute atakavyo, fundo halifunguki. Soipan alilipenda mno hata akalitumia kwa kila kitu. Alifunga nalo gunia la mkaa, kamba ya kuanikia nguo, na pakiti za chumvi ya ng'ombe.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Kitengela, upande ambao zamani ulikuwa malisho matupu. Sasa ploti ziliwazunguka pande tatu. Kuntai, mume wake, alibaki na ng'ombe wachache tu. Kati yao aliyependwa zaidi alikuwa Nanyokie, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Nanyokie alikuwa na mimba. Binti yao Purity alikuwa ameahidiwa kwamba ndama huyo atakuwa wake, na kila akirudi shuleni alipita kwanza bomani kumtazama mama ndama.

Asubuhi Soipan alikamua, akapika chai, akamenya viazi vya waru. Chumvi ya mifugo aliinunua dukani katika pakiti ndogo za nailoni. Akishaimwaga, aliifunga pakiti kwa fundo lake ili chembe zilizobaki zisimwagike ndani ya nyumba. Kisha aliitupa shimoni nyuma ya boma, pamoja na maganda ya waru, karatasi za nailoni za mkate na chupa za mafuta. Alikuwa mwanamke msafi. Ndani ya nyumba yake usingeona hata uzi sakafuni. Shimo la nyuma, kwa mawazo yake, halikuwa sehemu ya nyumba.

Kiangazi kilipokolea, Nanyokie aliacha kucheua. Alisimama tu, kichwa chini, macho yamelegea. Tumbo lilivimba upande wa kushoto, na mbavu zikaanza kuonekana. Kuntai alimnywesha dawa za miti, akamtembeza, akamkanda tumbo. Hakuna lililosaidia. Mwishowe alimwita Kiilu, daktari wa mifugo.

Kiilu alimpapasa ng'ombe, akabonyeza ubavu, akatikisa kichwa. Alisema ndani mna kitu kisichosagika. Alimdunga sindano ya ganzi, akampasua ubavuni akiwa amesimama vilevile, akaingiza mkono mpaka begani. Kilichotoka kilikuwa nailoni juu ya nailoni, imesokotana kama kamba kuukuu, inanuka vibaya.

"Hii haiozi tumboni," Kiilu alieleza. "Inakaa tu, inajaza nafasi ya nyasi. Ng'ombe anahisi ameshiba na kumbe anakufa njaa." Alishona kidonda polepole. Kisha akawageukia Kuntai na mkewe. "Leo nimemshona, na ndama bado yuko hai. Lakini akimeza tena, na hiyo mimba yake, sitaweza kumfungua mara ya pili."

Hasira za Kuntai zilikuwa na mahali pa kwenda. Alisema ni watu wa ploti. Wamekuja na taka zao, sasa wanamuulia mifugo. Wakati huohuo Mutindi, jirani yao wa ng'ambo ya ua, alikuwa amekuja kuona kama anaweza kusaidia. Mutindi alikuwa mtu wa Machakos, rafiki ya Soipan, na alifanya kazi katika yadi ya kukusanya plastiki kando ya barabara ya Namanga. Kuntai hakumruhusu hata kusalimu. Alimwambia arudi kwake, kwa maana taka za ploti zimemtosha. Kesho, akaapa, angepanda basi mpaka Kajiado, kwenye ofisi za kaunti, awashtaki wote. Mutindi aligeuka akarudi kwake. Soipan aliona aibu, lakini alinyamaza.

Baada ya daktari kuondoka, Soipan alichukua sepetu kuizoa ile nailoni. Hapo ndipo alipoliona fundo lake. Pakiti ya chumvi, imefungwa. Kamba imezungushwa mara mbili, ncha imepita chini. Lakini haikuwa kamba, ilikuwa nailoni yenyewe. Aliipindua nyingine, akakuta fundo lilelile, na nyingine tena. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijua yeye peke yake. Akinyamaza, hakuna ambaye angemshuku. Lakini shimo lingebaki palepale, na Nanyokie angerudi kulifuata.

Asubuhi Kuntai alivaa viatu vyake vizuri na shuka jipya. Soipan alikuwa ameiosha ile pakiti. Aliiweka juu ya kigoda mbele yake.

"Baba Purity, kabla uende, angalia hii."

"Ni takataka. Nimeona ya kutosha jana."

"Angalia fundo."

Kuntai aliinama. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa ameliona fundo hilo shingoni mwa ndama.

"Hii ni ya yeyo wako," alisema.

"Ya mama yangu, na mkono ni wangu. Watu wa ploti hawanunui chumvi ya ng'ombe. Ukienda Kajiado utashtaki majirani, na Nanyokie atabaki hapa na shimo letu."

Kuntai alivua viatu, kimoja kimoja, akaviweka chini ya kitanda. Kisha akachukua kiberiti, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza jambo likingali moto. Alilichoma lile shimo. Moshi mweusi ulipanda, ukageuzwa na upepo, ukaingia bomani moja kwa moja. Nanyokie alianza kukohoa huku nyuzi za kidonda zikivutika ubavuni. Soipan alikimbia na sepetu akaufukia moto kwa mchanga. Macho yakimwasha, aliweka sepetu chini, akavuka ua kwenda kwa Mutindi.

Alimweleza yote bila kuficha. Alimwambia pia kwamba kunyamaza kwake jana kulikuwa kubaya kuliko maneno ya Kuntai.

"Iliniuma, Mama Purity, siwezi kukudanganya," Mutindi alisema. Alifuta mikono kwa leso. "Lakini sisi pia si watakatifu. Niliona karatasi za mkate katika hiyo nailoni. Nyingine zinarushwa na upepo kutoka kwetu. Sasa nionyeshe hilo shimo."

Waliliendea pamoja. Kuntai alikuwa amesimama kando, na Mutindi alimsalimu kwa Kimaasai, "Supai." Aliitikia, "Ipa," kwa sauti ndogo, akamletea kigoda. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la msamaha, na Mutindi alilikalia.

Mutindi alieleza kwamba kosa si shimo peke yake. Kosa ni kuchanganya. Maganda ya waru yakikaa na nailoni, nailoni inanukia waru. Pakiti ikifungwa na chembe za chumvi ndani, inanukia chumvi. Ng'ombe hajui kusoma pakiti. Anafuata pua, anameza yote.

Kuhusu moto alisema kwamba moshi wa plastiki ni sumu kwa mifugo na kwa mtoto pia. Na taka zikibebwa na pikipiki mpaka dampo, bado hazijapotea. Zinangoja mvua na upepo, na ng'ombe wa mtu mwingine. Kwa hiyo waanze nyumbani. Maganda yapewe mbuzi moja kwa moja, yangali mabichi. Chupa, mitungi na ndoo zilizovunjika ziwekwe gunia moja. Nailoni laini iwekwe gunia lingine, ioshwe kwanza na kukaushwa. Kitakachobaki kitakuwa kidogo, na hicho kiwekwe kwenye pipa lenye kifuniko.

"Na hizo za gunia zinaenda wapi?" Kuntai aliuliza.

Mutindi alimwambia zinasagwa, zinayeyushwa kiwandani, na nyingine zinatengenezwa nguzo za ua. Kuntai alipata hamu ghafla. Aliuliza kama mchwa wanazila. Aliposikia hawazili, alitaka kujua mengine mengi, hata Mutindi akacheka.

"Lakini jambo la kwanza si kupeleka yadi," Mutindi alisema. "Jambo la kwanza ni kutoileta nyumbani. Chumvi ya ng'ombe iko ya jiwe, wanalamba tu. Mbona mnunue vipakiti?"

Soipan alianza siku hiyohiyo. Wiki zilizofuata alijaza gunia lake la nailoni kwa bidii, pamoja na pakiti alizookota shimoni, akalipeleka yadi kifua mbele. Lilirudishwa. Msimamizi alitoa pakiti moja kuukuu ya chumvi na kumwonyesha fundo. Mfuko uliofungwa hauoshwi ndani, alisema, na haukauki, na mchafu mmoja unaharibu gunia zima.

Soipan alirudi nyumbani ameudhika. Kuntai alimshauri azikate kwa kisu, azitupe, aanze upya.

"Nizitupe wapi?" Soipan aliuliza. "Nilizifunga mimi. Nitazifungua mimi."

Aliketi mlangoni na beseni la maji. Fundo la mama yake halikuwa limefanywa la kufunguka. Alitumia kucha, akatumia meno, akatumia sindano ya kushonea shanga. Purity alitoka shuleni akajiunga naye. Baadaye Kuntai naye aliketi. Maji ya kusuuzia pakiti yalikuwa na chumvi, na Soipan hakuyamwaga. Aliyapeleka kwa ng'ombe katika tairi lililokatwa, nao wakayanywa yote. Gunia liliporudi yadi, lilipokelewa.

Jiwe la chumvi liliwekwa bomani, na pakiti ya mwisho ilikuwa ya mwisho kweli. Mutindi aliongea na wapangaji wenzake, wakaanza kuweka karatasi zao kwenye magunia yenye kufungwa mdomo. Soipan alienda dukani na kiondo badala ya mfuko wa nailoni. Lile shimo Kuntai alilitoa nailoni yote, kwa mkono, kisha akalifukia. Nyasi ziliota juu yake mvua iliponyesha.

Nanyokie alizaa asubuhi moja yenye ukungu. Ndama alikuwa jike, mwekundu kama mama yake. Kwenye ubavu wa Nanyokie kovu lilikuwa limefunikwa na manyoya mapya, naye alisimama akicheua kwa utulivu. Purity alilia, halafu akasema hakulia.

Siku ya kukamua ilipofika, Soipan alileta kibuyu. Ndama alinyonya kwanza, kisha akavutwa pembeni, naye hakupenda. Soipan alichukua kamba. Aliizungusha mara mbili, akapitisha ncha chini, akavuta. Ndama alivuta kwa nguvu zake zote ndogo. Fundo halikufunguka.