Fundi wa Matimba na Chupa ya Mapovu

Kila asubuhi Mwigulu alitangulia kushuka shimoni. Alikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo karibu na Segese. Alipanga matimba, yaani magogo ya kushikilia ukuta, ili udongo usiwafukie wenzake.

"Timba langu msiliguse," aliwaambia wachimbaji. Hakuna aliyeligusa.

Kisha mkewe, Coletha, akajifungua mdogo wake Agatha, binti yao, kabla ya siku zake. Mtoto alikoroma kila alipotoa pumzi, na kifua kilibonyea. Hospitalini alilazwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu, akawekewa mipira puani. Mpira mmoja uliishia ndani ya chupa ya maji, na maji hayo yalitoa mapovu bila kukoma.

Mwigulu alipoingia, macho yake yaliishia kwenye chupa.

"Maji yanachemka! Wanamuunguza mwanangu!"

"Baba Agatha, msubiri sista," alisema Coletha.

"Nisubiri mpaka aive?"

Akachomoa mipira. Mapovu yakakoma. Kifua cha mtoto kikadidimia, midomo ikawa ya bluu. Coletha akapiga kelele.

Muuguzi, Sista Paskazia, alikuja mbio. Akarudisha mipira na kumwita daktari. Wakahangaika na mtoto mpaka midomo ikarudi rangi yake.

"Nani ameichomoa?"

Mwigulu alitazama viatu vyake. "Mimi, sista. Niliona maji yanachemka."

"Shika chupa."

Akaishika. Ilikuwa ya baridi.

"Hiyo ni hewa inapita," alisema Paskazia. "Mapafu ni vifuko vidogo vidogo. Ndani yake kuna ute unaozuia visisinyae. Mtoto njiti bado hana ute wa kutosha. Akitoa pumzi, vifuko vinasinyaa na kugandana. Hewa hii inavishikilia vibaki wazi. Mapovu yakikoma, tuiteni. Msiguse wenyewe."

Mwigulu aliiachia chupa. "Kumbe nimeng'oa timba," alisema.

Coletha hakumtazama. "Huko shimoni, mtu aking'oa timba unamfanyaje?"

"Namfukuza," alisema Mwigulu.

Tangu hapo alikaa pembeni ya kitanda, mikono ameibana katikati ya magoti, akitazama mapovu. Siku moja yalipokoma, aliita kwa sauti iliyosikika wodi nzima.

Mtoto aliendelea kupata nguvu. Hatimaye daktari mwenyewe aliondoa mipira. Kifua hakikubonyea tena. Mtoto akalia, sauti nyembamba lakini kali.

"Mpakate, ngozi kwa ngozi," Paskazia alimwambia baba.

Mwigulu hakunyoosha mkono. Alimtazama mkewe.

"Haya, Baba Agatha," alisema Coletha. "Sasa mguse."