Mjukuu wa Mtu wa Kwenye Picha

Siku ya familia kwenye jumba la makumbusho, ukumbi wa mbele ulikuwa umefurika watoto wa shule. Mwongozaji wa wageni, dada mwembamba mwenye gauni la kijani na sauti iliyokwisha kukauka, alikuwa akiwapanga mistari alipomwona mwanamume mrefu akipenya katikati yao, amekumbatia spika kama mtoto mgonjwa.

"Baba, wa kwako yuko darasa la ngapi?"

"Sina hata mchumba, dada, mtoto nitampata wapi? Mimi ni fundi wa vipaza sauti."

"Basi pita nyuma. Na usinikanyagie watoto wa watu."

Alipita, akageuka kumtazama, akajigonga mlangoni. Mambo yakaanzia hapo. Kila mara makumbusho yalipoandaa muziki au mchezo wa kuigiza aliitwa fundi yule yule, na simu za jioni zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?" mwongozaji aliuliza.

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haishibishi. Kale."

Kisha mwongozaji akatunga mchezo kuhusu mgomo wa zamani wa wafanyakazi wa reli, na mwenzao mmoja aliyewauza kwa polisi. Picha ya mtu huyo ilitundikwa kando ya jukwaa. Fundi alikuja kupima nyaya, akasimama mbele ya ile picha, akaganda.

"Huyu ni babu yangu," alisema. "Ndiye aliyenilea."

Mwongozaji alisogea karibu na picha. "Una uhakika?"

"Nisimjue aliyenifundisha kufunga viatu? Kitoe kipande chake mchezoni. Mama anakuja Jumamosi. Nimemwalika aje akuone wewe."

"Kuna watu walifia gerezani, mpenzi. Wajukuu wao nao wanakuja. Niwaambie nini?"

"Hujui kupenda, wewe. Unajua historia tu."

Aliondoka. Mwongozaji akapiga simu ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake. Vile vile.

Jumamosi fundi alikuja kwa sababu kazi ni kazi. Alikaa nyuma ya mitambo yake bila kumsalimu, mama yake kando, kilemba cheupe kichwani, mkoba mapajani. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mwongozaji, aliyekuwa msimulizi, alianza kusimulia. Alipofika pale msaliti anapoingia kituo cha polisi, kipaza sauti kikafa.

Alimtazama fundi. Watu wote wakageuka kumtazama. Amenifanyia kweli, aliwaza. Hata hivyo akaweka chini kile kipaza sauti na kuendelea kwa sauti yake ile ya kukauka. Hapo ndipo alipomwona fundi akiinama, akiuchomoa waya mkononi mwa mama yake taratibu, bila kumkaripia, na kuuchomeka tena. Sauti ikarudi.

Mchezo ulipokwisha mwongozaji aliwafuata uani. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, amejishika shavu.

"Shikamoo, mama. Nisamehe kwa kukuumiza."

"Marahaba. Hujaniumiza wewe. Nilikuwa nayajua yote haya. Niliyemficha ni huyu mwanangu." Alifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Polisi walimweka ndani mama yangu, wakamwambia baba aseme au asimwone tena. Akasema. Nyumbani hatukumwona akicheka mpaka alipozaliwa huyu."

Fundi hakuwa ameyasikia hayo. Alikaa chini, karibu na miguu ya mama yake.

"Naweza kuyaingiza kwenye mchezo," mwongozaji alisema, "ukiniruhusu. Lakini wale waliofungwa siwaondoi."

"Usiwaondoe," alisema mama. "Nitakuja kukusimulia. Sasa niacheni kidogo, nipumue."

Walitoka hadi getini, kila mmoja upande wake wa njia.

"Ulidhani ni mimi niliyekata," fundi alisema.

"Nilidhani. Na wewe hukupokea simu zangu."

"Bado nina hasira na wewe."

"Na mimi pia."

Fundi akavuka njia na kuushika mkono wake. Ulikuwa baridi. "Basi twende tukale na hasira zetu," alisema. "Mama naye atakuwa na njaa. Na ukae karibu naye. Anataka kujua kama mkwewe anajua kupika."

"Mwambie sijui."

"Mwambie mwenyewe."