Gazeti Lililofungia Ugoro

Enzi za Wajerumani, upande wa Mpwapwa, maji ya kiangazi yalichimbwa katika mchanga wa korongo. Wanawake walifukua shimo, wakakaa ukingoni kungoja maji yajikusanye. Raheli alikuwa mmoja wao. Mumewe, Sila, alikufa kwenye kazi ya reli. Raheli hakuletewa hata shuka lake. Jumbe Matonya, mkuu wa kijiji, ndiye aliyempeleka. Ndugu za Jumbe hawakupelekwa hata mmoja.

Siku hiyo Raheli alikuwa amemnunulia mama mkwe wake ugoro. Ulifungwa kwa karatasi. Jirani yake Priska, aliyesoma misheni, aliiona.

"Hebu nione. Hili ni gazeti!"

"Soma, lakini ugoro usimwagike. Mama atanitoa macho."

Priska alisoma, uso ukambadilika. "Raheli, unakumbuka baraza la baada ya mavuno mwaka jana? Mbiu ilipolia, wanaume wakakimbilia mlimani?"

"Nani asingekimbia? Wakiitwa barazani hufungwa kamba, wakabebe mizigo."

"Lile halikuwa la kamba. Wajerumani wa boma walitaka watu wachague jumbe. Kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Na kila mwaka itakuwa hivyo."

"Basi nani alisimama?"

"Ndugu za Matonya. Wao walijua."

Raheli aliacha kibuyu chake pale pale. Sila alichukuliwa mwezi mmoja tu baada ya baraza lile.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Yoramu, mtu pekee aliyeletewa gazeti kijijini. Hakumwamkia.

"Karatasi hii ni yako?"

"Ilikuwa yangu. Niliisoma, nikampa muuza ugoro."

"Habari za baraza ulizisoma kabla ya siku yenyewe?"

"Nilizisoma."

"Ukamwambia nani?"

"Gazeti ni la wasomaji, mama. Na mambo ya jumbe si ya shule."

"Sila alikukatia miti ya tembe hili unalolala! Ukashindwa kumwambia neno moja? Wewe ulikula habari peke yako, mimi nikala matanga!"

Yoramu alitaka kuingia ndani, Raheli akamzibia mlango.

"Likija jingine, utalisoma korongoni, kwa sauti. Usipokuja, mkeo hatachota maji. Mtakunywa hilo gazeti."

Akaja. Kila gazeti lilipofika alilisoma ukingoni mwa shimo, naye Priska akaeleza palipokuwa pagumu. Wanawake walibeba maji na habari, wakavifikisha vyote nyumbani.

Baada ya mavuno gazeti likataja siku ya baraza. Marko, mdogo wake Raheli, alicheka kwa uchungu.

"Dada, huo ni mtego. Matonya ameshaniambia safari hii ni zamu yangu ya reli."

"Ndiyo maana uje! Ukijificha, unamchagua yeye. Kaeni mlimani kwanza. Sisi tutatangulia. Tusipoona kamba, tutapiga ngoma."

Siku ilipofika, wanawake walikagua uwanja wote. Hapakuwa na kamba. Wakapanda juu ya paa bapa la tembe lililokuwa kando ya uwanja, wakapiga ngoma mpaka vumbi likadondoka ndani. Wanaume wakateremka mlimani kundi kwa kundi.

Matonya alitoa macho. "Nani kawaita hawa?"

"Gazeti!" Raheli akajibu kutoka paani.

Wanaume walisimama nyuma ya Bartolomayo, mfugaji aliyekuwa akimpinga Matonya waziwazi. Mstari ukapita zizi la ng'ombe. Nyuma ya Matonya walisimama ndugu zake, na mmoja wao akahama mbele ya macho yake. Mkubwa wa boma akatangaza kwamba jumbe ni Bartolomayo.

Reli ilipotaka watu tena, Bartolomayo alipanga zamu kwa kila nyumba, akaanza na mwanawe mwenyewe. Zamu ya Marko ilifika, akaenda, akarudi. Sila hakurudi.

Raheli hakumsamehe Yoramu. Lakini kila gazeti lilipokuja, alikaa mbele kabisa, akimtazama mdomoni, asije akaruka neno.