Mgeni wa Uvunguni

Kila alasiri akitoka shule, Malika alivua viatu vyake vyenye matope mlangoni, akanawa miguu, kisha akaketi barazani karibu na bibi yake. Walikaa Lindi, kijiji kimoja cha Kibera, katika nyumba ya udongo na mabati aliyoiacha babu. Bibi Zeinabu, ambaye wajukuu wake walimwita Haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao, alikuwa akisuka tabaga, kile kifuniko cha rangirangi cha kufunikia chakula. Na mikono yake ikisuka, mdomo haukukaa bure.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana mguu mmoja na kofia kubwa, lakini hasalimii mtu."

"Uyoga!"

"Wapi! Huyu wangu hubebwa mkononi."

Malika alifikiri mpaka akachoka. "Haya, nakupa mji. Nakupa Kisumu."

"Nilikwenda Kisumu, nikala samaki, mvua ikaninyeshea lakini sikulowa. Kwa nini? Mwavuli!"

Wakacheka. Nanyi mnajua desturi: aliyepewa mji hana ruhusa ya kuficha jibu. Hata awe mbishi namna gani, atalitoa.

Hapo Ramzy, kaka yake Malika, akaingia. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea kompyuta katika chuo kimoja huko Kawangware, na masomo yangeanza Jumatatu. Siku hiyo wanafunzi wapya walikuwa wameitwa kuelezwa mambo ya chuo.

"Mbona uso kama umekanyaga msumari?" Haboba aliuliza.

"Madam wa kompyuta alisema kila mwanafunzi atakuwa na mashine yake. Mimi sina laptop, Haboba."

"Ulimwuliza ni mashine gani?"

"Niulize, nionekane mshamba? Wenzangu wote walinyamaza."

Haboba alitikisa kichwa. Lakini Khalid, rafiki wa Ramzy wa nyumba ya pili, alimngojea kwenye kichochoro.

"Buda, mtu wa kompyuta bila laptop ni kama kinyozi bila mkasi," alisema. "Utachekwa mpaka uache shule. Kuna msee Kawangware anauza za ex-UK, za mitumba. Mpe simu yako, akupe laptop. Mmemalizana."

Jumamosi Ramzy alikwenda, akamchukua Malika ili Haboba asiulize maswali. Khalid aliwapitisha nyuma ya maduka ya Kawangware, mahali ambapo lami ilikuwa na doa kubwa jeusi. Majivu yake yalikuwa bado hayajasombwa na mvua.

"Hapa kulichomwa nini?" Malika aliuliza.

Khalid hakugeuka. "Wewe tembea tu."

Muuzaji alikuwa amevuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi. Alitazama barabarani zaidi ya alivyomtazama Ramzy. Laptop ilikuwa nzuri, nyembamba, ila juu ya kifuniko chake palibaki gundi ya kibandiko kilichobanduliwa, umbo la ua la petali tano.

"Risiti?" Ramzy aliuliza kwa sauti ndogo.

"Risiti ni za supermarket. Unataka ama hutaki?"

Ramzy alitoa laini yake ndani ya simu, akamkabidhi mtu yule simu. Malika alitamani kusema, "Turudi." Hakusema.

Nyumbani waliizungushia laptop leso kuukuu, wakaisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Apa hutamwambia Haboba," Ramzy alisema.

"Wallahi sitamwambia."

Jioni ile Haboba aliuliza, "Ramzy, simu yako iko wapi? Nimekupigia haipatikani."

"Iko kwa fundi."

Haboba akamgeukia mjukuu wake wa kike. "Ati, Malika?"

"Ndiyo, Haboba." Chapati aliyokuwa akitafuna ikawa kama kitambaa kinywani mwake.

Jumapili, Haboba alipokuwa sokoni na Ramzy ametoka kutafuta chaja, Malika aliitoa laptop uvunguni. Alitaka kuiona tu. Aliiwasha, akaiunganisha na mtandao wa jirani ambao nywila yake aliijua. Kioo kikawaka buluu. Kisha ghafla kikawa cheusi, na maandishi meupe yakatokea:

*Kompyuta hii imepotea. Mwenyewe ni Wayua. Ukiiona, piga nambari hii.*

Kijitaa cha kamera kikawaka, kama jicho lililofumbuliwa. Mashine ikaanza kulia, ti, ti, ti. Malika aliifunga, ikaendelea kulia. Akairudisha uvunguni, akaigandamiza kwa mto mpaka iliponyamaza.

Ramzy aliporudi, Malika alimweleza yote.

"Nyamaza!" kaka yake alinong'ona. "Khalid anasema yuko mtu wa kuifungua. Kesho nitaingia nayo darasani, na habari imekwisha. Kumbuka uliapa."

Saa chache baadaye, mwanamume mgeni mwenye koti la ngozi alisimama kwenye kioski cha pembeni. Malika, aliyetumwa chumvi, alimsikia akiuliza, "Hapa karibu kuna kijana yeyote wa mambo ya kompyuta?"

Mwenye kioski alisema hajui. Mtu yule aliyatazama mabati ya nyumba, moja baada ya jingine, akaondoka polepole. Malika alisahau chumvi. Alichoona mbele yake ni lile doa jeusi la Kawangware, na Ramzy amesimama katikati yake.

Alimkuta Haboba barazani, amerudi kusuka. Malika aliketi. Alikuwa ameapa kutomwambia. Akamtazama bibi yake, akasema:

"Haboba, kitendawili."

"Lo! Leo wewe ndiye mtegaji? Tega!"

"Nina mgeni uvunguni. Nikimfungua, ananifunga."

Haboba alicheka. "Ni mtego wa panya."

"Hapana."

"Sanduku?"

"Hapana." Machozi yalianza kumlengalenga. "Nipe mji, Haboba. Tafadhali, nipe mji."

Vidole vya Haboba vilisimama. Alikumbuka uso wa Ramzy aliporudi kutoka Kawangware. Kisha akasema taratibu, "Haya, binti yangu. Nakupa Kawangware."

"Nilikwenda Kawangware," Malika alisema huku akilia, "nikapita mahali palipochomwa moto, nikaona mtu aliyejifunika uso. Kaka yangu akampa simu, akatupa laptop. Ni ya wizi, Haboba. Iko chini ya kitanda."

"Astaghfirullah!" Tabaga lilianguka.

Ramzy alikuwa mlangoni. "Malika! Uliapa!"

"Amenipa mji," Malika alijibu. "Lazima nitoe jibu."

"Mwache," Haboba alisema. "Kiapo cha kufunika wizi hakimfungi mtu. Leta hicho kitu hapa."

Laptop ilipowashwa, Haboba alisomewa nambari, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Sauti ya msichana ilijibu. Haboba alimwambia jina lake, mahali anapokaa, na alicho nacho, bila kuzunguka. Kisha akasikiliza. Ramzy alijaribu kuusoma uso wake.

"Ni mwanafunzi," Haboba alisema alipomaliza. "Yuko mwaka wa pili katika chuo chako, Ramzy. Chuo hichohicho. Kesho asubuhi tunakwenda."

Ramzy alikaa chini.

Jumatatu, kabla kengele haijalia, walikuwa ofisini kwa Madam Kageha, mwalimu wa kompyuta. Wayua alikuwapo, na kando yake mwanamume wa koti la ngozi.

"Huyu ni kaka yangu," Wayua alisema. "Mashine yangu ilituonyesha iko Lindi, akaja kuitafuta." Alipapasa ile alama ya ua. "Kazi yangu yote ya mwaka mzima imo humu. Darasa letu lilikubaliana kuwa atakayeonekana na laptop hii atashikwa pale getini. Hakuna ambaye angekuuliza umeipata wapi. Unajua Kawangware, mwizi huchomwa moto, hangojewi ajieleze."

Ramzy aliinamisha kichwa. "Nilijua kuna kasoro, dada. Nilijua tangu aliponinyima risiti. Nisamehe."

Wayua aliikumbatia laptop yake. "Utakwenda polisi useme ni nani aliyekuuzia?"

"Nitasema. Na aliyenipeleka pia."

"Basi sitasema wewe ndiye uliyeiba."

Madam Kageha alivua miwani. "Lakini kwa nini ulikimbilia kununua?"

"Madam, ulisema kila mwanafunzi atakuwa na mashine yake."

Mwalimu alimkodolea macho, kisha akasimama. "Nifuateni."

Aliwaongoza hadi chumba kikubwa chenye safu za kompyuta. Juu ya kila moja kilibandikwa kikaratasi chenye jina. Alisimama mbele ya ile ya karibu na dirisha. Kikaratasi kilisema: Ramzy.

"Nilisema utakuwa nayo. Sikusema uje nayo," Madam Kageha alisema. "Ukiwa na laptop yako itakusaidia kufanya mazoezi nyumbani, sikatai, na mbele huko utaihitaji zaidi. Lakini mwaka wa kwanza tunasomea hapa, na chumba hiki hufungwa jioni. Ungeinua mkono tu, ukauliza."

Ramzy alikigusa kikaratasi kwa kidole. Simu yake haikurudi. Alikwenda polisi pamoja na Haboba siku hiyohiyo, akaandikisha maelezo. Khalid alikuwa ameshahama Lindi bila kuaga mtu.

Jioni, barazani, Haboba aliokota tabaga lake.

"Kitendawili!"

"Tega!" Malika na Ramzy walijibu pamoja.

"Nikikifungua, kinanifungua."

Walikuna vichwa. Ramzy akasema, "Tunakupa mji. Tunakupa Lindi hapahapa."

"Nilikaa Lindi," Haboba alisema, "nikawa na wajukuu wawili. Mmoja aliona haya kuuliza, akaingia gizani. Mwingine aliogopa kusema kweli, lakini mwishowe akasema, akamtoa mwenzake. Walifunguliwa na nini? Mdomo! Fungua mdomo uulize usilolijua. Fungua mdomo useme kweli, hata kama sauti inatetemeka. Mkifanya hivyo, wajukuu wangu, hakuna mgeni wa uvunguni atakayewafunga."